Kihenge cha Mangwela

Nyinyi mlioketi hapa na mashavu yaliyojaa, ambao watoto wenu wamelala kwa sababu wameshiba, sikilizeni habari za mtu aliyewafanya mkawa watu wa nchi hii. Zamani hizo, kabla kisima cha kwanza hakijachimbwa katika uwanda huu mwekundu, wazee wetu walikaa juu ya Mlima Lugwe, wakila ndizi na kunywa maji ya baridi yatokayo mawe­ni, wala hawakujua kwamba ardhi inaweza kumnyima mtu. Huko ndiko alikozaliwa Mangwela, mwana wa Chilwanda, mwana wa Ndalu aliyelima ukingo wa jabali kwa mikono mitupu. Na mama yake aliitwa Nyemo, binti wa wafua chuma, mwanamke wa maneno machache ambaye akishasema jambo halirudii. Mangwela ndiye Bega la Nyati. Ndiye Mbeba Jiwe la Kusagia. Ndiye Asiyeinama.

Chemchemi za Lugwe zilipokauka na migomba ikalala chini kama watu waliochoka, kabila zima lilishuka mlima likiwa na kuku wachache na mikeka yake, na Mangwela alishuka akiwa amembeba mama yake mgongoni na jiwe la kusagia kwapani, jiwe ambalo wanaume wengine hawakuweza kulitikisa. Katika njia nyembamba nyati dume aliwazuia. Mangwela alimtua mama yake, akaliweka jiwe chini taratibu, akamkamata mnyama yule pembe zote mbili na kumshikilia hapo mpaka mtoto wa mwisho alipopita nyuma yake; kisha akamvunja shingo, na ngozi ya nyati huyo akaivaa mpaka siku alipotoweka.

Hayo kila mtu anayajua, na kila mtu huyasimulia. Lakini leo hatutasimama alipokuwa amesimama shujaa. Tutasimama alipokuwa amesimama dada yake, Mbeleje, mtoto wa mwisho wa Nyemo, kwa sababu yeye ndiye aliyeyaona yaliyotendeka, na aliyoyaona hayakumpa raha hadi uzeeni.

Walipofika uwandani walipanda mahindi, mbegu walizozipata njiani kwa wasafiri. Msimu wa kwanza walivuna kidogo, wakafurahi, wakasema nchi ni nzuri. Msimu uliofuata mvua ilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, na jua likayageuza makaratasi makavu yanayopiga kelele kwenye upepo. Wakapanda tena, yakaungua tena. Mume wa Mbeleje alikufa kwa homa mwaka huo, akamwachia mtoto wa kike wa kunyonya aliyeitwa Mele, na akamwachia shemeji, Lugendo, mtu mwenye sauti nzuri na macho yasiyotulia, ambaye watu walianza kumsikiliza kwa kuwa alikuwa akiwaambia walichokuwa wanafikiri tayari.

Kando ya mbuga ya chumvi, upande wa machweo, waliishi wenyeji wa nchi, Watu wa Chumvi, ambao hawakusema na wageni. Visima vyao walivilinda kwa mishale. Mangwela alikwenda kwao akiwa na fimbo peke yake. Akakaa huko mpaka watu wakamlilia matanga, na walipokwisha kunyoa nywele za msiba akatokea asubuhi moja akiwa amebeba viroba vya ngozi mabegani, viroba vingi kimoja juu ya kingine, na alipofungua kimoja wote waliinama kutazama. Ndani mlikuwa na punje ndogo za rangi ya majivu, ndogo kiasi kwamba upepo ulizipeperusha kidogo. Ulikuwa uwele.

"Hiki ni chakula cha ndege," alisema Lugendo.

"Ni mbegu," Mangwela alijibu.

"Watu waliotupiga mishale kisimani, leo wamekupa mbegu. Wewe umewapa nini?"

Mangwela alifunga kiroba. Mbeleje alikuwa karibu kuliko wote, akamwona kaka yake akimeza mate kabla ya kukifunga. Hapo, ndugu zangu, ndipo shaka ilipoanza kuota katika watu wetu, na iliota vizuri kuliko kitu chochote tulichokuwa tumepanda.

Mangwela alisimama juu ya jiwe la kusagia la mama yake, akatangaza. Alisema nafaka ile haitaki mto wala chemchemi. Kwamba inaota kwa mvua moja, ikinyimwa maji inakunja majani yake na kungoja, na mvua ikirudi inaendelea pale ilipoishia kana kwamba hakuna kilichotokea. Alisema uji wake unamrudishia mzazi maziwa na mtoto mifupa. Kisha akasema, "Hakuna atakayeonja punje yake hata moja mpaka mvua inyeshe na shamba lipandwe. Tukiula leo tutashiba mwezi, halafu tutakufa sote. Mkono utakaonyooka kwenye mbegu hii nitauvunja, hata ukiwa mkono wa aliyenizaa."

Akasuka kihenge kikubwa kwa fito, akakikandika kwa udongo na samadi, akaimwaga mbegu humo ikiwa imechanganywa na majivu ili isitobolewe na wadudu, akaketi mlangoni. Na mvua haikuja.

Njaa ile ilikuwa mbaya. Watu waliishi kwa mizizi, kwa panzi, kwa mlenda mkavu walioukuna kutoka kwenye mashamba ya zamani, na kwa gundi ya migunga ambayo watoto waliilamba mpaka ndimi zikapasuka. Kila siku, jua likiwa utosini, kijiji kizima kilikwenda kwenye mto wa mchanga kuchimba maji, na kila siku Mangwela alibaki peke yake na kihenge. Mbeleje alianza kuyahesabu mambo hayo moyoni. Aliona kwamba wanaume wote wamekonda, na kaka yake amekonda pia, lakini mabega yake bado yalikuwa mabega. Aliona taya lake likienda kama la mtu anayetafuna. Jioni moja, aliporudi na kibuyu chake cha maji ya matope, aliona punje za uwele zimedondoka kwenye vumbi mbele ya mlango wa kihenge, zimetawanyika kama zinavyotawanyika mtu anapochota kwa haraka.

Alizifunika kwa kisigino, kisha akaona haya kwa kuzifunika, maana hakujua kama anamkinga kaka yake na watu au anajikinga yeye mwenyewe na kujua.

Nyemo, mama yao, alikuwa amelala kwenye mkeka bila kuinuka. Mbeleje alimpelekea mchuzi wa mizizi, na mama akaupokea, akaugeuza, akamnywesha Mele mjukuu wake. Kila siku ilikuwa hivyo. Mwishowe Mbeleje alikwenda mlangoni kwa kaka yake akiwa amembeba mtoto, ambaye nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na miguu yake kuvimba, kama inavyowatokea watoto wanaokosa chakula cha kujenga mwili.

"Kaka, nipe konzi moja. Si yangu, ya mama. Anakufa."

"Mama anajua," Mangwela alisema.

"Anajua nini?"

"Kinachoendelea."

"Kinachoendelea ni kwamba mwanawe amekalia chakula naye anakufa. Konzi moja, kaka. Nani atajua?"

"Wewe utajua. Na kesho utakuja tena, na mimi sitaweza kukukatalia, na kesho kutwa nitakuwa sina la kumwambia mwanamke mwingine mwenye mama."

Mbeleje alimtazama mdomoni alipokuwa akisema. Alikuwa anatafuta pumba kwenye ndevu zake. Hakuona kitu, na hata kutoona kulimtia wasiwasi, maana mtu anayekula kwa siri hujifuta.

Alirudi kwa mama yake akamweleza. Nyemo alisema tu, "Mwachie kaka yako mlango." Binti akamwuliza ana maana gani. Mama aligeukia ukutani.

Siku Nyemo alipokufa, Mbeleje alikuwa kwenye mto wa mchanga pamoja na wengine. Aliporudi alimkuta mama yake ameshafungwa ndani ya ngozi na kushonwa, uso hauonekani. Kwa desturi yetu, mama huoshwa na binti yake. Hilo halijabadilika tangu Lugwe. Mbeleje alidai mama afunguliwe. Mangwela alisimama mbele ya furushi lile, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimtolea dada yake sauti ya kutisha.

"Nimemwosha mwenyewe. Hatafunguliwa."

Akaliinua furushi begani, akaelekea kwenye mwinuko wa mawe nyuma ya kijiji, na watu wote wakafuata. Hapo ndipo Mbeleje alipoona jambo ambalo hakuliona mwingine, kwa kuwa wengine walikuwa wanalia. Kaka yake, Asiyeinama, aliyemshikilia nyati kwa pembe, alikuwa ameinama. Mgongo wake ulijikunja, na nyayo zake zilizama kwenye vumbi kama nyayo za mtu aliyebeba gogo. Lakini mama yao alikuwa amekwisha. Jana yake tu Mbeleje alikuwa amemgeuza kwa mkono mmoja, akawa mwepesi kama ungo.

Na alipofika kaburini aliona la pili. Udongo uliofukuliwa pembeni mwa shimo haukuwa wa rangi ya udongo mbichi. Ulikuwa umekauka na kuwa mweupe kwa jua, na juu yake mchwa walikuwa wamekwisha kujenga. Kaburi la mama lilichimbwa mama akiwa hai.

Mangwela alishuka shimoni na furushi lake, akawakataza watu kusogea, akafukia peke yake, na juu ya kaburi akapanga mawe makubwa ambayo mtu mwingine asingeweza kuyasukuma. Wazee walisema ni heshima ya mwana kwa mama. Mbeleje hakulia. Alimkaza mtoto wake kiunoni, akashuka mwinuko ule, na hakukuwa na mtu wa kumwambia aliyoyaona.

Baada ya msiba Lugendo hakungoja zaidi. Aliwakusanya wanaume, akawaambia, "Mtu aliyeacha mama yake afe njaa, atawafanyia nini nyinyi ambao hamkumzaa? Amewauza kwa Watu wa Chumvi. Anangoja tufe, wao waje wachukue nchi, na yeye awe mtemi wao." Maneno hayo yaliingia masikioni kwa urahisi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu la swali la siku ile ya kwanza: umewapa nini?

Walikwenda na mashoka. Walitarajia vita, na wengi miongoni mwao walikuwa wamewaaga wake zao. Mangwela aliinuka mlangoni, akawatazama mmoja mmoja akiwataja majina, kisha akasogea kando na kukaa chini. Hilo liliwaogopesha kuliko vita. Wakakipasua kihenge ubavuni. Ulimwagika uwele, tabaka jembamba lenye majivu, na baada ya uwele ukamwagika mchanga. Mchanga ulitoka mpaka kihenge kikawa tupu.

Wakamrukia. Walimpiga kwa mipini, wakamfunga kwa kamba za ngozi mbichi kwenye nguzo ya zizi, na yeye, ambaye angeweza kuwaangusha wote, alikaa kama mtu anayengoja watoto wamalize kucheza. Lugendo alimwuliza mbegu iko wapi.

"Iko mahali ambapo njaa yenu haitathubutu kwenda," alisema Mangwela. "Nilijua mtakuja. Niliwajua nyinyi kuliko nilivyoijua mvua."

Mbeleje alikuwa amesimama nyuma ya wanawake na Mele kiunoni. Alisikia maneno hayo, na mgongo ulioinama, nyayo zilizozama na udongo uliokauka vikaja pamoja kichwani mwake mara moja. Alijua mbegu iko wapi. Katika kijiji kizima, yeye peke yake alijua, na mtoto wake alikuwa akinyonya titi lisilokuwa na kitu.

Alingoja watu wapungue, akaenda nguzoni.

"Kaburi ulilichimba mama akiwa hai," alisema.

Mangwela aliinua kichwa. Jicho moja lilikuwa limevimba.

"Nijibu, kaka. Mama alikufa kwa njaa, au ulimsaidia kufa ili upate pa kufichia?"

"Yeye ndiye aliyenituma nichimbe. Alisema wana wa Lugwe watavunja kila kitu, lakini hakuna atakayefukua kaburi la mama wa mtu. Na alisema hatakula, ili pasiwe na neno la kusema juu ya mwanawe."

"Nani mwingine alimsikia?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ni neno lako tu."

"Ni neno langu tu," alisema Mangwela. "Sina shahidi. Ukitaka kuwaambia, nenda uwaambie. Wewe una mtoto, na mimi siwezi kukuzuia nikiwa hapa."

Mbeleje alimchunguza usoni kama mtu anavyochunguza maji ya kisima kigeni kabla ya kunywa. Hakuona uongo. Lakini hakuona ukweli pia. Aliona uso wa kaka yake uliopigwa. Mbeleje akaondoka kuelekea kwa Lugendo, na alikuwa ameamua kusema.

Alimkuta shemeji yake uani. Tabaka lile jembamba la uwele, lililomwagika mbele ya watu wote, lilikuwa limezolewa na kupepetwa, na sasa lilikuwa linachemka katika chungu cha nyumba ya Lugendo, na mlango wa ua ulikuwa umefungwa. Wake zake walikuwa wameketi kuzunguka chungu. Lugendo hakuona aibu.

"Karibu, shemeji. Utapata kidogo, wewe ni wa nyumba yetu. Unajua kitu? Tukiipata ile iliyobaki, sisi ndio tutakaoigawa."

"Mtapanda kiasi gani?" aliuliza Mbeleje.

Lugendo alicheka. "Nani wa kupanda, na mvua iko wapi?"

Mbeleje alisimama pale na harufu ya uji ikimzunguka. Alichukua kikombe alichopewa, akamnywesha Mele wote, akarudisha kikombe, akashukuru, akaenda zake bila kusema aliloendea. Hakunyamaza kwa sababu alimwamini kaka yake. Kaka yake huenda alikuwa amemuua mama yao. Alinyamaza kwa sababu Lugendo alikuwa na hakika ya kuwaua wote, naye akitabasamu.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Vikongwe walikufa, na watoto pia, na kila mtoto alipozikwa, Mbeleje alifuata jeneza la mkeka akijua kwamba angeweza kusema neno moja na mtoto yule angekula. Alikuwa akiwakwepa wale mama machoni. Alimlisha Mele panzi waliokaangwa na gundi iliyoyeyushwa, na akampelekea kaka yake maji nguzoni.

Kisha upepo ukageuka. Mawingu yalikuja adhuhuri kutoka upande wa Lugwe, meusi, na mvua ikanyesha kwa kelele mpaka vumbi likaruka juu kabla ya kulowa. Watu walitoka nje na kusimama midomo wazi. Mangwela aliinuka pale nguzoni, akavuta pumzi, na kamba za ngozi zikakatika kama nyuzi za buibui; ndipo wote walipojua kwamba angeweza kuzikata siku ile ile ya kwanza. Hakumgusa mtu. Alipanda mwinuko, na watu wakamfuata na mikuki, na Lugendo mbele yao, wakishuku kwamba anakimbia.

Aliyaondoa mawe moja baada ya jingine. Akafukua. Wanawake walipiga yowe, wanaume wakageuza nyuso, maana hakuna aliyewahi kuona mwana akifungua kaburi la mama yake. Akatoa ngozi, na ndani ya ngozi akatoa viroba vya uwele uliochanganywa na majivu, vikavu, vizima; na chini ya viroba palikuwa na jiwe bapa, na chini ya jiwe lile alilala Nyemo, aliyezikwa humo watu wakiwa mtoni, kabla ya furushi kubebwa; naye Mangwela hakumfunua.

"Pandeni," alisema. "Mashimo mapana, punje chache kila shimo. Pandeni leo."

Hakuna aliyesogea. Lugendo akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Atakayekula mbegu hii anamla Nyemo." Na watu wakarudi nyuma, kwa kuwa njaa ni kitu kimoja na mwiko ni kitu kingine, na mvua ilikuwa inanyesha bure juu ya mashamba matupu huku wao wakitazamana.

Mbeleje ndiye aliyetoka. Alimkabidhi Mele kwa mwanamke jirani, akatumbukiza mikono yake miwili katika kiroba, akasema, "Ni mama yangu. Kama kuna laana, ni ya kwangu kwanza." Akashuka mwinuko akiwa na mbegu katika upindo wa nguo yake, akapanda shamba lake peke yake kwenye mvua. Kufikia jioni wanawake kadhaa walikuwa wameinama pamoja naye. Waliosalia walipanda mahindi yao ya mwisho, waliyokuwa wameyaficha, na Lugendo akiwa mmoja wao.

Mvua ile ilinyesha, ikakatika. Mahindi yalisimama yakiwa na urefu wa goti na kuanza kuwa njano. Uwele ulikunja majani yake kila mchana, na watu wakasema umekufa. Kila asubuhi ukayafungua. Ulikaa hivyo kama mtu aliyefumba macho bila kulala. Mvua ndogo ilipopita mara ya pili mahindi yalikuwa ni kuni, lakini uwele ulitoa masuke marefu kama mikia ya wanyama, na ndege wakashuka kwa makundi yanayofunika jua, na Mangwela akasimama katikati ya mashamba siku nzima akizungusha kombeo na kunguruma, mpaka ndege wakahamia nchi nyingine. Hiyo ndiyo vita yake ya mwisho, na ndiyo iliyompa jina la Mnguruma Shambani.

Walipovuna, waliokataa kupanda walikuja kuomba, na Mangwela akaamuru wapewe sawa na wengine, hata Lugendo. Wakasaga kwenye jiwe la Nyemo. Wakapika. Na hapo, vikombe vikiwa mikononi, mtu mmoja akaona kwamba Mangwela hali. Alikuwa ameketi kando na kipande cha nyama ya swala. Minong'ono ikapita kijiji kizima: kwa nini haonji? Kuna nini ndani yake? Vikombe vikashushwa.

Mangwela alisikia, akasema tamko lake la mwisho ambalo sisi tunalijua. "Niliyefungua kaburi la mama yangu sili kilichotoka humo. Nyinyi hamkulifungua. Kuleni."

Bado walimtazama Mbeleje. Yeye akanywa, kisha akamnywesha mtoto wake, na kijiji kikawaangalia wawili hao wakimeza, mpaka walipoona hakuna anayeanguka. Ndipo wakala. Katika msimu huo nywele za Mele zilirudi kuwa nyeusi, uvimbe wa miguu yake ukanywea, akatembea. Na wanawake waliokuwa wamekauka walipata maziwa, na wazee wakaweza kuchuchumaa na kuinuka bila kushikwa mkono.

Mangwela aliondoka siku ambayo kila nyumba ilikwisha kuweka mbegu yake. Alivaa ngozi ya nyati, hakuaga, akaelekea machweo. Nyayo zake zilifuatwa hadi kwenye mbuga ya chumvi, na huko zilikoma kwenye tope jeupe. Wengine walisema alikuwa amejitoa mwenyewe kwa Watu wa Chumvi kuwa mtumwa wao, na kwamba hicho ndicho alichowapa. Wengine walisema aliiiba ile mbegu, nao wakamuua alipopita. Wengine walisema aliwauza na kwenda kuishi vizuri. Mbeleje alikwenda kuuliza. Watu wa Chumvi walimpa maji ya kunywa, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kwa mgeni, wakamwambia hawajawahi kumwona mtu wa namna hiyo. Na mwanamke mmoja miongoni mwao alimtazama sana, halafu akaingia ndani na kufunga mlango.

Alizeeka hapa, Mbeleje. Wajukuu walimwuliza kama ni kweli kwamba Nyemo alikufa kwa hiari. Alikuwa akiwajibu hivi, bila kuongeza wala kupunguza: "Kaka alisema hivyo. Mimi sikuwepo." Kisha alikuwa akiwaambia wamalize uji.

Lakini alituachia amri, na amri hiyo ndiyo iliyotufanya tuwe Wasenyela, jina ambalo katika lugha ya zamani ya Lugwe ni watazamanao. Alisema hakuna mtu tena atakayelinda mbegu peke yake, awe na bega la nyati au asiwe nalo, asije akabaki na neno lisilokuwa na shahidi. Ndiyo maana kila kihenge cha mbegu katika nchi hii kina walinzi wawili, mmoja kutoka uzao wa Mbeleje na mwingine kutoka uzao wa Lugendo, nyumba mbili ambazo hazijawahi kupendana. Na mlango wake hufungwa kwa mafundo mawili, kila mlinzi lake, na hakuna anayeruhusiwa kujifunza fundo la mwenzake. Mvua ikija, wanasimama hapo pamoja, kila mmoja akiangalia mikono ya mwenzake, na wanafungua.